Trauner: Mbunifu aliyejenga miji studioni huku jina lake likifichwa

WATAZAMAJI wa filamu aghalabu hukumbuka sura za waigizaji, na pengine jina la mwelekezi. Ni wachache mno wanaojiuliza ni nani aliyeijenga nyumba ambamo mhusika aliangua kilio, au aliyechagua rangi ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Alexandre Trauner aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50, akiwa daima katika kivuli cha wengine. Kuna kipindi katika maisha yake ambapo kukaa kivulini kulikuwa suala la kufa na kupona.

Trauner alizaliwa mwaka wa 1906 jijini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi. Tangu ujanani alipenda kuchora, na hatimaye akajiunga na chuo cha sanaa jijini humo kusomea uchoraji. Hata hivyo, Hungary ya wakati huo haikuwa mahali pema kwa kijana wa Kiyahudi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Miklós Horthy alishika hatamu za uongozi, na mwaka wa 1920 sheria ikapitishwa kupunguza idadi ya Wayahudi katika vyuo vikuu. Mnamo 1929, Trauner alifungasha virago na kuelekea Paris.

Aliingia Ufaransa akiwa na nia ya kuwa mchoraji. Lakini picha hazikumpa riziki, naye akajikuta katika studio za Épinay, kaskazini mwa Paris, akiwa msaidizi wa Lazare Meerson. Meerson, aliyezaliwa katika milki ya Urusi, alikuwa mbunifu wa mandhari wa mwelekezi René Clair. Chini yake Trauner alijifunza kazi ambayo hakuwa ameitarajia: kujenga mitaa mizima ndani ya paa la studio.

Kulikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Filamu zilikuwa ndio kwanza zimeanza kuwa na sauti, na vinasa sauti vya siku hizo vilidaka kila kelele. Kupiga picha katika mtaa halisi kulimaanisha kunasa milio ya magari, wachuuzi na wapita njia. Kwa hivyo mtaa uliletwa studioni. Maseremala walisimamisha fremu za mbao, mafundi wakazipaka plasta, na wachoraji wakaiparuza na kuichafua plasta hiyo hadi ikafanana na ukuta uliopigwa na mvua kwa miaka mingi.

Kutoka kwa Meerson, Trauner alipata somo lililomwongoza maishani. Mbunifu hanakili mtaa ulivyo. Huchagua mambo machache, labda taa, ngazi na dirisha, kisha hayo machache huyabeba mengine yote. Kabla ya msumari wa kwanza kupigiliwa, Trauner alikuwa na desturi ya kuichora kila seti kwa rangi, pamoja na mwangaza wake na hali ya hewa yake. Mchoraji aliyekuwa ndani yake hakufa. Alipata tu turubai pana zaidi.

Mwaka wa 1937 alianza kushirikiana na mwelekezi Marcel Carné na mwandishi Jacques Prévert. Ushirika wake na Carné ulizaa filamu zilizoitukuza senema ya Ufaransa. Mnamo 1938 kulitoka Le Quai des brumes, yenye ukungu wa bandari ya Le Havre, na Hôtel du Nord, kisa cha watu wa hali ya chini wanaoishi kando ya mfereji wa Saint-Martin jijini Paris. Kwa ajili ya filamu hii ya pili, Trauner aliagiza shimo lichimbwe Billancourt na kujazwa maji, kisha hoteli na daraja vikajengwa kando yake. Watazamaji wengi waliamini wanauona mfereji wenyewe.

Mwaka uliofuata, katika Le Jour se lève, alidhihirisha kwamba jengo linaweza kusimulia hadithi sawa na mwigizaji. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Jean Gabin, ni mfanyakazi wa kiwanda ambaye ameua mtu na kujifungia chumbani huku polisi wakimzingira. Trauner alibuni jumba la orofa nyingi, jembamba na refu kuliko majirani yake, na kukiweka chumba hicho juu kabisa. Watayarishaji walilalamikia gharama na kutaka jumba lipunguzwe. Trauner alikataa katakata. Aliona kwamba orofa moja ikiondolewa, mtu yule hangekuwa tena mpweke kati ya mbingu na umati, bali angekuwa mpangaji wa kawaida tu aliyechungulia dirishani. Jumba likabaki na urefu wake, na ni vigumu leo kuiwazia filamu hiyo bila jumba hilo.

Kisha vita vikafika. Mnamo Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris, na Oktoba mwaka huo serikali ya Vichy ikapitisha sheria ya kuwatenga Wayahudi na kazi nyingi, filamu zikiwamo. Trauner alikuwa Myahudi, tena mgeni kutoka nje. Alikimbilia kusini, akajificha katika milima iliyo juu ya jiji la Nice, ambako Prévert na marafiki wengine walimsitiri. Joseph Kosma, mtunzi wa muziki aliyetoka Budapest kama yeye, alikuwa katika hatari iyo hiyo.

Carné na Prévert hawakuwatupa wenzao. Mnamo 1942 walipotayarisha Les Visiteurs du soir, kisa cha enzi za kati, Trauner alichora kwa siri na Georges Wakhévitch akaibeba kazi hiyo hadharani. Kasri la filamu hiyo lilikuwa jeupe pe, na baadhi ya wahakiki wakalilaumu kwamba lilionekana jipya mno. Lakini wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa sahihi: majumba ya kale tunayoyaona yakiwa magofu yaliwahi kuwa mapya, na waliohamia humo mwanzo waliyaona yaking'ara.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na Les Enfants du paradis. Filamu hiyo ilihitaji barabara nzima ya Paris ya karne ya 19, yenye kumbi za maigizo, vibanda na umati wa watu. Barabara hiyo ilijengwa nje katika studio za Victorine mjini Nice, wakati ambapo mbao, plasta na vitambaa vilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Trauner alichora mafichoni. Léon Barsacq akaipokea michoro na kuisimamia ijengwe. Mbunifu wa barabara hiyo hakuweza kutembea humo kwa uhuru.

Upigaji picha ulianza Agosti 1943, lakini haukwenda mbali. Majeshi ya Washirika yalikuwa yametua Sicily, hali ya vita ikabadilika, na wasanii wakaamriwa kurejea Paris. Waliporudi Nice miezi kadhaa baadaye, walikuta dhoruba imeiharibu seti, ikabidi itengenezwe upya. Katika muda wote huo, neno moja tu lililopenyezwa kwa wakuu wa uvamizi lingetosha kumpeleka Trauner katika kambi za mauaji. Maseremala, wachoraji na wasaidizi walikuwa wengi. Siri ikahifadhika.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini Paris mnamo Machi 1945, baada ya jiji hilo kukombolewa. Katika orodha ya walioitengeneza, watazamaji walisoma kwamba mandhari ilibuniwa kwa ushirikiano wa kisiri wa Trauner, na muziki kwa ule wa Kosma. Jina ambalo lingemwangamiza mwenyewe sasa lilikuwa kwenye pazia mbele ya kadamnasi. Kuna wabunifu waliopata medali nyingi, lakini ni wachache ambao kutajwa kwao tu kulikuwa na uzito kama huo.

Amani iliporejea, kazi ya Trauner ilivuka mipaka. Orson Welles alimchukua kwa filamu yake ya Othello, ambayo sehemu kubwa ilipigwa katika mji wa pwani wa Mogador, Morocco, unaoitwa leo Essaouira. Fedha zilikuwa haba na maleba yalichelewa kufika. Badala ya kukaa wakisubiri, walihamishia tukio la mauaji katika hamamu, ambako wahusika wangejifunga taulo tu. Ufukara ukageuka ubunifu. Mwaka wa 1952 filamu hiyo ilishiriki tuzo ya juu katika tamasha la Cannes, ikiiwakilisha Morocco.

Bara la Afrika lilimwita tena. Alibuni mandhari ya Land of the Pharaohs ya Howard Hawks, iliyotoka 1955 na ambayo sehemu yake ilipigwa nchini Misri. Baadaye alifanya kazi na Fred Zinnemann katika The Nun's Story, iliyotoka 1959, kisa cha mtawa wa Kibelgiji anayetumwa kuhudumu hospitalini Kongo. Wasanii, akiwamo Audrey Hepburn, walisafiri hadi Stanleyville mnamo 1958, Kongo ikiwa bado koloni ya Ubelgiji. Mji huo ndio Kisangani ya leo, ambako Kiswahili husikika sokoni na mtoni. Nyumba ya watawa yenyewe ilijengwa studioni jijini Roma. Mtazamaji aliyeona mwangaza mkali wa Kongo baada ya kuta baridi za Ulaya hakuhitaji kuelezwa ni kwa nini moyo wa mtawa yule uligawanyika.

Umaarufu wake mkubwa, hata hivyo, ulitokana na urafiki wake na Billy Wilder, mwelekezi mwingine wa Kiyahudi aliyekimbia Wanazi. Kwa filamu ya The Apartment ya mwaka wa 1960, Wilder alihitaji ofisi ya kampuni ya bima isiyo na mwisho, ambamo karani mmoja anamezwa na mamia ya wenzake. Studio haikuwa na nafasi kubwa kiasi hicho.

Trauner alitumia ujanja aliojifunza Épinay. Meza za mbele zilikuwa za kawaida na zilikaliwa na watu wazima wa kawaida. Kadiri safu zilivyorudi nyuma ndivyo meza zilivyopungua ukubwa, nao waliozikalia wakawa wafupi zaidi, hata watoto waliovishwa suti. Dari na sakafu navyo vilielekea kukutana. Jicho la kamera likadanganyika, na ofisi ikaonekana kunyoosha hadi upeo wa macho.

Lakini chumba cha karani huyo, kilichoigizwa kwa ukubwa wake halisi, kilihitaji ustadi usiopungua ule. Ni makao ya mtu anayeishi peke yake, anayechuja tambi kwa raketi ya tenisi na anayewaazima wakubwa wake kitanda chake ili apandishwe cheo. Samani zake ni za mtu ambaye hatarajii mgeni wa maana. Mwaka wa 1961 Trauner na Edward G. Boyle walitunukiwa Oscar kwa kazi hiyo.

Mwaka uo huo wa 1961 Wilder alikuwa Berlin akipiga One, Two, Three, pale ukuta ulipojengwa ghafla mwezi Agosti na kuligawa jiji. Lango la Brandenburg halikufikika tena. Trauner alijenga lango jingine mjini Munich, na filamu ikaendelea. Siasa zilikuwa zimefunga mlango. Seremala akaufungua kwa mbao na plasta.

Alimjengea Wilder pia mitaa ya soko la Les Halles kwa ajili ya Irma la Douce, na mtaa wa Baker wa London kwa The Private Life of Sherlock Holmes, iliyotoka 1970. Mnamo 1975 alikuwa tena Morocco na John Huston, akiigeuza milima ya Atlas kuwa nchi ya mbali ya Asia katika The Man Who Would Be King, kazi iliyompa uteuzi mwingine wa Oscar.

Uzeeni hakustaafu. Nchini Ufaransa alishinda tuzo ya César mara tatu, kwa Monsieur Klein, Don Giovanni na Subway. Hii ya mwisho, iliyotoka 1985, ilielekezwa na Luc Besson aliyekuwa bado kijana wa miaka ya ishirini, huku Trauner akikaribia 80. Mzee huyo alimbunia vijia na vyumba vya chini ya ardhi, katika ulimwengu wa treni za Paris.

Miaka yake ya mwisho ilihusiana na Omonville-la-Petite, kijiji kidogo cha Normandy karibu na bahari, ambako Prévert alikuwa amehamia na kufariki mnamo 1977. Trauner aliaga dunia Desemba 1993, akiwa na umri wa miaka 87, na akazikwa katika makaburi ya kijiji hicho, karibu na rafiki aliyemsitiri wakati wa dhiki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hawa wawili hata mauti hayakuwatenganisha mbali.

Hatima ya mbunifu wa mandhari ni kuona kazi yake ikibomolewa. Mfereji wa Billancourt ulifukiwa, jumba la Gabin likavunjwa, na barabara ya Nice haikubakisha hata tofali. Kilichosalia ni michoro yake ya rangi pamoja na filamu zenyewe, ambamo madirisha yale bado yana taa, na jina lililofichwa kwa miaka ya vita linasomeka bila woga.