Dkt Burkitt na watoto wa mpakani: mtu aliyeonyesha kwamba saratani ya taya inatibika

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Uganda kwa barabara hufika mwisho wa Kenya pahala pawili, Malaba au Busia. Madereva wetu wa pwani wanazijua foleni za malori za huko kama wanavyoijua Changamwe. Wapo wafanyabiashara wetu waliofungua maduka Busia, wakaoa na wakazaa huko. Lakini ni wachache wanaojua kwamba nchi ile ya mpakani, kuanzia Teso hadi Samia na Budalang'i, na ng'ambo ya pili Tororo mpaka Jinja, imo ndani ya ukanda unaosomeshwa katika vyuo vya utabibu dunia nzima, kwa sababu ya saratani moja ya watoto.

Saratani hiyo huanzia sana kwenye taya. Mtoto wa miaka minne, mitano au saba, wavulana kuliko wasichana, huanza kulegea meno. Shavu huvimba. Mzazi hudhani ni jino bovu, akampeleka kwa mng'oaji. Jino likishatoka, uvimbe haupungui bali huzidi, na baada ya wiki chache uso wa mtoto haujulikani tena. Wengine huvimba tumbo. Watu huanza kusema kuna mkono wa mtu. Ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt, na huyo Burkitt aliyepewa jina lake ndiye ninayetaka kumhadithia leo, kwa sababu kazi yake bado ina faida kwa mzazi wa Malaba na hata kwa mzazi wa Malindi.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake alikuwa mhandisi wa barabara, mtu aliyependa ndege. Alikuwa akiwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani ya mipaka ya kila ndege katika bustani, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni. Tuiweke akilini ramani hiyo, maana mtoto alirithi tabia ya babake. Denis alipokuwa na miaka 11, watoto wenziwe walirushiana mawe na jiwe likampata. Jicho lake la kulia likapotea, na maisha yake yote yaliyobaki aliona kwa jicho moja.

Alianza kusomea uhandisi Dublin kama babake, kisha akageukia udaktari na akamaliza mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya upasuaji Edinburgh. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa, sababu ni lile jicho. Vita vya pili vya dunia vilipozuka aliingia jeshini kama daktari, na jeshi lilimleta Afrika Mashariki, akafanya kazi Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda. Alikuwa mtu wa dini sana katika Ukristo wake, na aliuona udaktari kuwa ni ibada. Sisi tuna dini yetu, lakini mwenye kufanya wema tunamtambua.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango. Huko aliona jambo ambalo sisi watu wa Kwale, Kilifi na Lamu tunalijua vyema: busha. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa busha, lakini Burkitt aligundua kwamba walitoka zaidi upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili waliugua wachache tu. Badala ya kupasua na kunyamaza, alijiuliza kwa nini. Akahesabu, akaandika, akachora ramani. Kwa macho ya wengi ilikuwa kazi ndogo, lakini ndiyo iliyomfunza kuuliza mgonjwa anatoka wapi kabla ya kuuliza anaumwa nini.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Hakuwa na jibu wala dawa. Alimpiga picha.

Wiki chache baadaye alikwenda kuzuru hospitali ya Jinja, mji ambao reli yetu ya Mombasa huufikia baada ya kupita Malaba na Tororo. Akiwa katikati ya kazi alitupa jicho dirishani, akaona mama amekaa na mtoto nje kwenye majani. Uso wa mtoto ulikuwa sawasawa na wa yule wa Mulago. Alitoka mbio kumpima, akakuta tumboni pia mna uvimbe. Mtoto mmoja unaweza kusema ni ajabu ya Mungu. Wakiwa wawili, katika miji miwili, alijua huu ni ugonjwa. Alirudi Kampala akafukua majalada ya zamani, akawakuta wengine chungu nzima, waliokuwa wameandikiwa majina tofauti ya maradhi kwa sababu kila daktari aliangalia kiungo kimoja tu. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza. Ulimwengu haukushtuka.

Hapo ndipo ramani za babake zilipomfaa. Alituma mamia ya barua zenye picha kwa hospitali za Afrika, akiuliza kama watoto kama hawa wanaonekana. Kisha Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakateremka kusini mwa Afrika. Walisafiri maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, wakazuru hospitali zaidi ya 50, wakiuliza swali lile lile.

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, umbo lilitokea. Ugonjwa ulikuwa kwenye nchi za joto, mvua na uwanda wa chini. Karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya futi 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, hupotea. Kwa hiyo hapa Kenya haukuwa wa watoto wa nyanda za juu, bali wa watoto wa kando ya ziwa na wa mpakani kama Busia na Malaba, na pia wa ukanda wetu wa pwani. Lakini visiwani Unguja na Pemba, ambako joto na mvua ni kama bara, ugonjwa haukuonekana. Tofauti ilikuwa nini? Visiwani, malaria ilikuwa imepigwa vita ikadhibitiwa.

Awali Burkitt alidhani mbu anabeba virusi vya saratani yenyewe. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Wakaafikiana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Entebbe. Mara moja, Desemba 1963, ndege ilishindwa kutua London kwa ukungu, na kipande kikafika kimechelewa huku maji yake yamekuwa na utusitusi. Wangeweza kukitupa. Epstein alikipima, na kutokana na kipande hicho, mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Hakibebwi na mbu bali hupitia mate, na karibu kila mtoto wa kwetu hukipata akiwa mdogo bila kudhurika. Malaria ya kujirudiarudia ndiyo hudhoofisha kinga ya mwili, hata kirusi kikapata nafasi. Kwa hiyo mbu alikuwa na hatia, ila si ile aliyodhaniwa kwanza.

Haya yote ni elimu. Lakini mtoto alikuwa bado wodini, mdomo haufungi, chakula hakipiti, usiku halali kwa maumivu. Upasuaji haukufaa, kwa sababu kulikata taya ni kumharibu mtoto na uvimbe unarudi. Tiba ya mionzi haikuwako Uganda. Burkitt, ambaye maisha yake ilikuwa kisu, alikubali kwamba kisu kimeshindwa. Madaktari wa Marekani waliokuwa wakijaribu dawa mpya za saratani walimpatia dawa, akaanza kuwapa watoto: kwanza methotreksati, kisha siklofosfamidi na vinkristini. Ndizo zile ambazo watu leo wanaziita kemo.

Matokeo yaliwashangaza hata waliozitengeneza. Kwa dozi ndogo, mara nyingine dozi moja au mbili, uvimbe ulianza kunywea kwa siku chache. Mtoto aliyekuwa hawezi kufumba mdomo aliomba uji. Baadhi yao ugonjwa ulirudi wakafa, na hilo lisifichwe. Lakini wengine walipona wakakua. Wakati huo, duniani kote, ilikuwa nadra kabisa daktari kusema saratani imeondoka kwa dawa peke yake. Mwaka 1972 Burkitt alitunukiwa tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi hiyo. Mulago nako, mwaka 1967, kilianzishwa kituo cha kutibu ugonjwa huu, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akarudi Uingereza. Huko alipata umaarufu wa pili kwa kuwahimiza Wazungu wale nafaka zisizokobolewa, mboga na kunde kama walivyokula watu wa mashambani aliowatibu Uganda. Sisi tuliohamia chapati nyeupe asubuhi na jioni tungefaa kumsikiliza pia. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Mwaka huo huo wa 1993 ilianzishwa Kampala Hospice Africa Uganda, iliyoeneza mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali ya saratani. Tangu 2004 Uganda imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari wa mjini. Nayataja haya pamoja kwa sababu ni njia moja. Tiba si kuponya tu. Kumwezesha mtoto kula, kulala na kucheza na wenziwe, hata kama siku zake ni chache, ni tiba. Kwetu pia ipo Coast Hospice hapa Mombasa, na bado watu wengi wanadhani kupelekwa huko ni kukatiwa tamaa.

Sasa turudi mpakani. Miaka zaidi ya 60 imepita tangu dawa zile zijulikane. Katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma hii hupona. Kwetu ni wachache kuliko hao, na dawa kuwa dhaifu si sababu. Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Uvimbe huu ni miongoni mwa ule unaokua upesi kuliko wote unaompata binadamu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki tatu za kuzunguka kwa waganga na wang'oa meno si kitu kidogo. Sababu ya pili ni umbali na pesa. Mzazi wa Busia lazima asafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda Kisumu, hospitali ya Jaramogi, au apande Eldoret, hospitali ya Moi. Anaacha shamba na watoto wengine nyumbani. Dozi ya kwanza ikipunguza uvimbe, humwona mwanawe amepona, akaogopa bili na nauli, akarudi nyumbani. Dozi hazijaisha. Uvimbe ukirudi, huwa mgumu zaidi kutibu.

Serikali za kaunti zingeweza kumlipia mzazi huyu nauli na malazi mpaka dozi ziishe. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na pesa zinazopita kila siku kwenye forodha za Malaba na Busia. Na kinga nayo ipo: chandarua, na chanjo ya malaria ambayo tangu 2019 imekuwa ikitolewa katika kaunti za magharibi, Busia ikiwemo. Unguja na Pemba zilishatuonyesha kwamba malaria ikipungua, watoto husalimika na zaidi ya homa.

Na kwa mzazi wa pwani: mtoto akilegea meno ambayo wakati wake wa kung'oka haujafika, au shavu likivimba bila homa na bila kidonda, au tumbo likijaa ghafla, usianze na mng'oaji wala usianze na kombe. Kisomo hakikatazwi, lakini Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kwamba maradhi yameteremshwa pamoja na dawa zake na kwamba tujitibu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uombe apimwe uvimbe. Na akianza dawa, asiache hata akionekana mzima, mpaka daktari mwenyewe aseme zimekwisha.