Atiman wa Karema, mganga aliyekaa

Nikiwa fildi kwenye kituo kimoja cha bonde la Rukwa, sitakitaja, nilimpa mama pakiti za ORS kwa ajili ya mtoto wake anayeharisha. Nikamweleza: pakiti moja, lita moja ya maji safi. Akaitikia. Foleni ilikuwa ndefu, nikaita anayefuata. Kesho yake akarudi, mtoto macho yameingia ndani. Kumbe nyumbani hakukuwa na cha kupimia lita. Palikuwa na chupa ya nusu lita, zile za maji ya kununua stendi, na pakiti nzima ilimiminwa humo. Maji yenye chumvi maradufu yanazidi kumkausha mtoto ambaye tayari amekauka. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi sikulala vizuri wiki ile. Nimezaliwa Muze, chini kabisa ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Najua fika vipimo vya majumbani kwetu ni kikombe na chupa iliyobaki. Nilijua, ila sikuuliza.

Likizo nilipomsimulia mzee mmoja wa nyumbani kisa hicho, hakunilaumu. Alianza kunisimulia habari za Adrian Atiman. Nikaona aibu kwamba nimesoma maisha ya Florence Nightingale mpaka tarehe, na huyu wa upande wetu simjui.

Atiman hakuwa Mfipa wala Mbende. Alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kijiji cha Wasonghai kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto wa kama miaka kumi alikamatwa na kuvushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Kule Metlili, Aljeria, Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadre Weupe, wakamkomboa kwa fedha. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango wake: vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomeshwe uganga, warudi Afrika kama waganga na makatekista, watibu bure, waishi kama watu wanaowatibu. Atiman akapelekwa Malta akasomea udaktari hadi 1888. Mwaka uliofuata akafika Karema, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, baada ya kutembea kwa miguu kutoka pwani. Karema leo iko mkoa wa Katavi, lakini kabla ya 2012 ilikuwa Rukwa hiyo hiyo yetu.

Alikaa hapo miaka 67. Tafadhali rudia kusoma namba hiyo, wewe unayehesabu siku za kumaliza intern ili utafute uhamisho wa mjini.

Sasa tufikirie alichokuwa nacho mkononi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 tu. Kabla ya hapo kila chupa ya dawa ilitoka pwani kichwani mwa mpagazi, safari ya miezi. Penisilini haikuwepo karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa na kisu cha upasuaji, kwinini, dawa chache na akili yake. Mtu akiletwa ameumizwa na mnyama porini, mganga wa namna hiyo anaamua papo hapo: huyu nimpasue sasa au nisubiri, dawa hii iliyobaki kidogo nimpe huyu au nimwekee yule atakayekuja kesho. Hakuna daktari bingwa wa kumpigia simu. Hicho ndicho wahadhiri wetu wanachokiita uamuzi wa kiuguzi, na sisi tunakikariri kwa hatua tano ili tupite mtihani.

Jingine lililomtofautisha ni kwamba hakudharau miti shamba. Mtu aliyesomea Malta angeweza kabisa kuja na kiburi cha Malta. Yeye alijifunza dawa za wenyeji na kuzitumia pamoja na zile za Ulaya. Hapa wenzangu wa famasia watanirukia, na wana haki yao, maana dozi ya mzizi haipimiki kirahisi. Ila mimi naona faida nyingine kabisa. Anayekubali kufundishwa na mgonjwa anajua nyumbani kwa mgonjwa kuna nini: wanakunywa nini, wanapikia nini, nani anaamua mtoto apelekwe hospitali. Huyo akifika zamu yake ya kufundisha, haongei hewani.

Na kufundisha ilikuwa kazi yake kwa jina kabisa. Alikuwa katekista. Asubuhi vidonda, na mafundisho ya dini kwa watu wale wale. Unaweza usikubaliane na lengo la Lavigerie la kutumia tiba kufungulia njia dini. Mimi mwenyewe nina maswali, hasa nikikumbuka kwamba kijana huyu hakuulizwa sana anataka kuishi wapi. Ila katekista mzuri ana tabia moja ambayo wauguzi tumeipoteza: akishafundisha, anamtaka mwanafunzi arudie kwa maneno yake mwenyewe. Haridhiki na kuitikiwa.

Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Kwa kuoa pale, Atiman alijifunga na Karema. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaingia, yeye yupo. Aliowapokea wakiwa watoto walizeeka mikononi mwake. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na alipewa nishani kadhaa. Akafariki 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Timbuktu hakurudi kuishi tena.

Nimejaribu kupiga hesabu ya wagonjwa aliowaona kwa miaka yote hiyo, nikashindwa, nikaacha. Badala yake, niliporudi kituoni kwa awamu ya pili niliomba dumu moja la lita moja, nikachora mstari kwa maka pen, nikaliweka mezani. Mama akija na mtoto anayeharisha namuuliza kwanza nyumbani ana chombo gani. Akisema chupa ndogo, tunajaza maji chupa mbili kwenye dumu pamoja, anaona mwenyewe zinafika kwenye mstari, kisha namwomba anionyeshe mimi atakavyofanya. Inachukua dakika nne. Foleni inanung'unika, na msimamizi wangu mara ya kwanza alinitazama vibaya. Wiki ya pili alikuja akaniuliza dumu lile nimelitoa wapi.