Dokta John Kirk na Sumu ya Mishale

Wengi wetu tunalijua jina la Dokta John Kirk kwa jambo moja tu: alikuwa Balozi wa Uingereza Unguja zama za Sayyid Barghash bin Said, na mkono wake ulikuwamo katika mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Lakini kabla ya ubalozi alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea, na katika elimu hiyo ameacha athari inayotupasa kuizingatia.

Alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Barry, Scotland, mwana wa kasisi. Alisoma utabibu Edinburgh akahitimu mwaka 1854, kisha akahudumu katika hospitali ya vita huko Dardanelles, nchi ya Waturuki. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi, kazi yake ikiwa kuwatibu wasafiri na kukusanya mimea.

Katika bonde la mto Shire, ambalo leo limo Malawi, aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao juu ya miti. Mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Na ajabu ni kuwa wawindaji walikata nyama ya penye jeraha wakaitupa, na iliyobaki wakaila wasidhurike. Sababu yake imekwisha kujulikana: sumu hiyo huua iingiapo katika damu, bali tumbo huipokea kidogo sana.

Kirk alijipatia sumu hiyo. Ikasadifu mswaki wake kuwekwa katika mfuko mmoja nayo. Alipoutumia alionja uchungu, na alipojipima mshipa akaona mapigo ya moyo yamepungua. Mwingine angeutupa mswaki, akashukuru kusalimika, na habari ikaishia hapo. Yeye aliyaandika aliyoyaona, na sumu ikafika Uingereza kuchunguzwa.

Huko Edinburgh, Profesa Thomas Fraser alizisaga mbegu za mmea huo, akazichuja kwa spiriti, hata akapata asili ya nguvu yake, nayo huitwa strofanthini. Aliijaribu katika mioyo ya vyura kwa vipimo mbalimbali. Akabaini kuwa hutenda kazi katika msuli wa moyo wenyewe: ikiwa kidogo, moyo hupiga polepole na kwa nguvu, ikizidi, moyo hujikaza ukasimama. Mwaka 1885 alitangaza manufaa yake kwa wagonjwa wa moyo, na matabibu wakaitumia kwa miaka mingi.

Kirk mwenyewe alifika Unguja mwaka 1866, akakaa huko takriban miaka ishirini. Hakuacha kuchunguza mimea. Alithibitisha kuwa sandarusi ichimbwayo ardhini katika mrima ni utomvu wa mti ule ule ulio hai hata leo. Alifariki Uingereza mwaka 1922, umri wake miaka 89.

Tazameni basi. Elimu ya kombe ilikuwa ya wawindaji wa Shire, na majina yao hayakuandikwa popote. Sisi tulio Webuye, baina ya Mlima Elgon na msitu wa Kakamega, tumezungukwa na miti ya dawa. Huko Kakamega wakulima walishirikiana na wataalamu, wakapanda mrihani wenye harufu ya kafuri, wakautoa mafuta kwa mvuke, na dawa ya kuchua ikapimwa na kusajiliwa. Lakini wazee wetu wangapi wamezikwa na ujuzi wao? Na wangapi sokoni huuza mizizi wasijue kiasi kinachoponya wala kiasi kinachoua?

Ilikuwa mbegu ile ile moja, iliyoua mnyama na kuupa moyo wa mgonjwa nguvu. Kilichozitenga kazi hizo mbili ni kipimo, na kipimo hakipatikani ila kwa kuchunguza na kuandika. Basi kila mwenye mzee ajuaye miti na akae naye, aandike jina la mti, mahali uotapo, na jina la mzee huyo, kisha ampelekee mtaalamu aupime kabla ya mtu kuunywa.