John Akii-Bua: juu ya nini nyota ya mkimbiaji ilizimika mapema?

Kila jioni, jua likianza kujificha nyuma ya milima, vijana wa Uvira wanatelemka kwenye mchanga wa ziwa kucheza mpira na kukimbia. Kuko wenye miguu ya ajabu, mpaka watu wazima wanasimama kuwaangalia. Lakini ukirudi kisha miaka tano ao sita, wengi wa wale uliowasifu hawako tena. Mmoja anaendesha pikipiki ya abiria, mwingine anabeba mizigo kule Kalundu, mwingine unasikia yuko kambini Nyarugusu, Tanzania. Na watu wanakata maneno haraka: alizeeka mapema, pombe ilimmaliza, ao wenzake walimroga.

Tukiongea habari ya nyota waliozimika, hapa Congo jina linalokuja kwanza ni la Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika la mwaka 1974. Leo tunataka kueleza maisha ya mwingine, jirani wetu wa Uganda, ambaye vijana wengi hawamjui tena. Anaitwa John Akii-Bua. Ndiye mtu wa kwanza duniani aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi chini ya sekunde 48. Siku ile alikuwa na miaka 22. Mpaka anakufa, hakukimbia tena kwa kasi kama ile. Je, ni mwili uliomwacha, ao ni kitu kingine?

Mtoto katikati ya watoto 43

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1949 huko Abako, kaskazini ya Uganda, kwa watu wa Lango. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Katika nyumba kubwa namna ile mtoto anajifunza mapema kukimbia, kama siyo kufuata ng'ombe, basi ni kuwahi chakula. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe, hakusoma sana.

Akiwa kijana aliingia polisi. Wakati ule, katika inchi nyingi za Afrika ya mashariki, polisi na jeshi ndiyo mahali mkimbiaji alipata viatu, chakula cha uhakika na muda wa mazoezi. Alianza na mbio fupi za viunzi, zile za mita 110. Kisha akakutana na kocha mmoja Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyekuja kufanya kazi Uganda mwaka wa 1968. Arnold alimhamisha kwenye mita 400, akamwekea programu.

Mwaka wa 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa nne. Mwaka wa 1971 hakuna mtu duniani aliyekimbia mbio hizi haraka kumpita yeye. Lakini kule Ulaya wengi hawakumwogopa sana, juu alikuwa hajashindana mara nyingi na wakubwa.

Mbio zinazokula mtu

Kwa asiyezijua, mbio hizi ni mzunguko mmoja mzima wa uwanja, na njiani kuko viunzi 10, kila kimoja na urefu wa sentimita 91 na kidogo, karibu na kiuno cha mtu. Kati ya kiunzi na kiunzi kuko mita 35. Mkimbiaji anapaswa kuhesabu hatua zake vizuri. Akikosea hatua moja, anafika kiunzini na mguu usiofaa, anapunguza mwendo, na mbio zimekwisha. Akii-Bua alikuwa na zawadi moja: aliweza kuruka akitanguliza mguu wa kushoto ao wa kuume, vyote sawa. Wengi hawawezi.

Mazoezi yake yalikuwa magumu mpaka leo yanaelezwa. Alivaa kizibao chenye uzito wa kilo 11 hivi, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kipimo cha mashindano, mara na mara tena. Siku ya mashindano, akivua uzito ule na viunzi vikishuka, mwili unajisikia mwepesi kama ndege.

Lakini mazoezi ya namna hii ni kama kutumia mafuta ya taa yote kwa usiku mmoja. Kasi ni nguvu inayokuja mapema na kuondoka mapema. Msuli wa nyuma ya paja, goti, mshipa wa kisigino, vyote vinalipa deni la kila mruko. Ndiyo maana mkimbiaji wa kasi hana miaka mingi. Mwalimu ao fundi anaweza kungoja, lakini mkimbiaji ana dirisha dogo.

Munich, mwaka wa 1972

Tarehe 2 mwezi wa tisa mwaka wa 1972, mjini Munich, Ujerumani, Akii-Bua alipewa mstari wa kwanza, ule wa ndani kabisa. Mstari ule hakuna anayeupenda, juu kona zake ni kali. Katika mbio zile alikuwemo David Hemery wa Uingereza, aliyeshinda mwaka wa 1968 na kuweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery aliondoka kwa nguvu sana. Walipofika kwenye mnyoosho wa mwisho, yule polisi wa Uganda akampita.

Saa ilionyesha 47.82. Ralph Mann wa Marekani akawa wa pili, Hemery wa tatu. Kwa Uganda ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki tangu inchi izaliwe. Kwa Mwafrika mweusi ilikuwa dhahabu ya kwanza katika mbio fupi kuliko mita 800. Akii-Bua hakwenda kupumzika. Aliendelea kuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha, watu wakimpigia makofi, na wengi wanasema ndiye aliyeanzisha desturi ile ya mshindi kuzunguka na bendera ya inchi yake.

Zawadi zenye mtego

Uganda wakati ule ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyechukua madaraka mwezi wa kwanza mwaka wa 1971 kwa kumwangusha Milton Obote. Obote alikuwa mtu wa Lango. Tangu hapo, askari na watu wa Lango na wa Acholi waliuawa kwa wingi.

Sasa fikiria hali ya Akii-Bua. Yeye ni Mulango, na ndiye shujaa wa inchi. Amin alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa jina lake. Amin alikuwa akimtaja kuwa ushuhuda kwamba Walango hawateswi. Mtu mwenye kutumiwa namna ile hawezi kukataa, na hawezi pia kulala usingizi. Kwa serikali yeye ni pambo, kwa ndugu zake wanaolia anaweza kuonekana msaliti.

Kwa upande wa michezo, mwaka ule ule wa 1972 kocha Arnold alimaliza kazi yake Uganda na kurudi kwao. Mwaka wa 1973 Akii-Bua alishinda tena dhahabu mjini Lagos, kwenye Michezo ya Afrika. Miguu ilikuwa bado iko. Lakini uchumi wa Uganda ulikuwa unaanguka, na mkimbiaji hawezi kuwa juu kama hashindani na walio juu.

Mbio ambayo haikukimbiwa

Dunia ilingojea Olimpiki ya mwaka 1976 mjini Montreal. Akii-Bua alikuwa na miaka 26. Marekani ilikuwa imemtoa kijana mpya, Edwin Moses. Wote walitaka kuona nani atashinda.

Mbio ile haikufanyika. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na inchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikasusia Olimpiki kupinga jambo lile. Uganda ilikuwa kati yao. Sababu ilikuwa ya haki, hatuwezi kuwalaumu waliosusia. Lakini aliyelipa bei ni mwanamichezo. Moses alishinda, akavunja rekodi ya Akii-Bua kwa chini ya sehemu 20 za mia ya sekunde. Kupepesa jicho tu.

Mkimbizi

Mwaka wa 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala, na Amin akakimbia. Akii-Bua naye alikimbilia Kenya na familia yake. Aliogopa kuhesabiwa kuwa mtu wa Amin. Huko Kenya, bingwa wa Olimpiki alitiwa katika kambi ya wakimbizi kama mtu mwingine yeyote. Sisi wa Uvira hatuhitaji kuelezwa maana yake: ni kupanga mstari, kungoja jina lako lisomwe, kuwa mtu asiye na kazi wala saa.

Aliyemtoa ni kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alikuwa akivaa viatu vyake. Walimpeleka Ujerumani, wakampa kazi. Mwaka wa 1980 alirudi kwenye Olimpiki, safari hii Moscow, akiivalia tena Uganda. Alikuwa na miaka 30. Aliishia nusu fainali. Aliyeshinda dhahabu, Volker Beck wa Ujerumani Mashariki, alitumia sekunde 48.70. Akii-Bua wa mwaka 1972 angemwacha nyuma kwa mita kadhaa.

Ni mwili, ao ni inchi?

Hapa ndipo tunarudi kwenye ulizo letu. Kuko nyota ambao mwili ndio unawakata kweli. Kwa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, kuko mchezaji ambaye kazi yake ni kuchukua mpira na kupenya katikati ya majitu yenye kumgonga kutoka kila upande. Wengi wao wanakwisha kabla ya miaka 30. Gale Sayers wa Chicago Bears alikuwa hatari kuliko wote wa wakati wake. Goti moja liliumia mwaka wa 1968, akarudi. Goti la pili likaumia mwaka wa 1970, na hapo kazi ikawa imekwisha. Maisha yake yote katika ligi ile alicheza mechi 68 tu. Huyo ni mwili.

Lakini mwangalie Edwin Moses, aliyekimbia mbio zile zile za Akii-Bua. Alishinda mbio 122 mfululizo, kuanzia 1977 mpaka 1987. Rekodi yake kubwa kuliko zote, 47.02, aliikimbia mwaka wa 1983, siku anatimiza miaka 28. Basi miguu ya viunzi haikwishi kwa miaka 22 wala 26. Moses alikuwa na uwanja, mashindano ya kila mwaka, na inchi ambayo haikumfukuza. Kweli, yeye pia alikosa Moscow, juu Marekani ilisusia. Lakini alirudi nyumbani, akaendelea na mazoezi, na mwaka wa 1984 akachukua dhahabu nyingine.

Ni hapo tofauti iko. Akii-Bua hakuzeeka mapema. Miaka yake ndiyo ilichukuliwa: mmoja na woga, mwingine na ususiaji, mwingine na kambi. Na mwaka wa mkimbiaji haulipwi. Mkulima akikosa kupanda musimu huu, shamba litamngojea musimu ujao. Mwili haungojei.

Mwisho wake

Akii-Bua alirudi Uganda katika miaka ya themanini, akaingia tena polisi, akafundisha vijana. Mke wake alitangulia kufa. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 20 mwezi wa sita mwaka wa 1997, mwenye miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa. Mjini Lira kuko uwanja wenye jina lake. Uganda ilingoja miaka 40 kamili kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda maratoni mjini London mwaka wa 2012.

Ndugu msomaji, mara nyingine ukimwona kijana wa mtaa wako aliyekuwa moto wa kuotea mbali uwanjani na leo hachezi tena, usikimbilie kusema alirogwa. Hesabu naye miaka yake. Ule ambao shampiona ilikatika juu ya vita, ule alioukaa ng'ambo ya ziwa, ule maji yalipopanda na kumeza nyumba na tereni. Ukimaliza kuhesabu, utaona ni ngapi zilizobaki za kukimbia.