Edison alileta taa, kisha akakabiliana na moto ndani ya kuta

JINA la Thomas Alva Edison hutajwa sana panapozungumzwa habari za taa ya umeme. Hutajwa kidogo mno kuhusu kazi ngumu iliyofuata: kupitisha umeme ndani ya kuta za nyumba za watu bila kuziteketeza. Kazi hiyo ilimletea aibu, hasara na uhasama, lakini ndiyo iliyochangia kuzaa kanuni zinazolinda majengo hadi leo, yakiwemo ya humu nchini.

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio nchini Marekani, akiwa kitinda mimba wa watoto saba. Hakudumu shuleni. Mamake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfunza nyumbani. Alipotimiza umri wa miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende katika garimoshi la kwenda Detroit, na ndani ya behewa la mizigo akaweka maabara yake ndogo. Siku moja fosforasi ilidondoka, sakafu ikashika moto, naye akafurushwa pamoja na chupa zake.

Baada ya miaka kadhaa ya kuhudumu kama fundi wa simu za maandishi, alifungua karakana huko Menlo Park, New Jersey, mwaka wa 1876. Mwaka uliofuata aliishangaza dunia kwa mashine ya kunasa sauti. Oktoba 1879 taa yake iliwaka kwa saa nyingi bila kuzimika.

Edison hakuwa wa kwanza kutengeneza taa ya umeme. Joseph Swan wa Uingereza, kwa mfano, alikuwa akishughulikia jambo lilo hilo. Kilichomtofautisha Edison ni kwamba alitambua taa peke yake si kitu. Palihitajika mtambo wa kuzalisha umeme, nyaya za kuusafirisha, swichi, mita, na kinga dhidi ya moto. Mwaka wa 1880 alipata hataza ya waya wa usalama, yaani kipande chembamba kinachoyeyuka mkondo unapozidi kiasi na kukata umeme kabla waya uliofichwa ukutani haujapata joto la kuwasha mbao. Hiyo ndiyo fyuzi.

Wakati huo anga la New York lilikuwa limeanza kujaa nyaya zilizoning'inia juu ya vichwa vya watu. Edison aliamua kuzika zake. Vipande vya shaba viliwekwa ndani ya mabomba ya chuma yenye urefu wa futi 20 na kuzungushiwa kamba, kisha bomba likajazwa mchanganyiko wa lami, mafuta na nta. Kazi hiyo ilifanyiwa karakanani chini ya usimamizi wa John Kruesi, si barabarani. Vibarua mitaani walibaki na jukumu moja tu, kuunganisha bomba na bomba. Kwa lugha ya leo, huo ulikuwa mfumo wa nyaya uliotayarishwa kiwandani.

Mtambo wa Pearl Street uliwashwa Septemba 4, 1882, taa zipatazo 400 zikang'aa. Haukupita muda mrefu, farasi waliopita kwenye makutano ya barabara za Ann na Nassau wakaanza kuruka kwa kishindo. Umeme ulikuwa ukivuja ardhini. Hitilafu ilikuwa kwenye kiungio, mahali ambapo kazi ya kiwanda hukutana na mkono wa fundi.

Majumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika kasri la tajiri William Vanderbilt, nyaya ziligusana na nyuzi za madini zilizopamba karatasi za ukutani, na ukuta ukaanza kufuka moshi. Mke wa tajiri huyo aliamuru mtambo wote uondolewe. Kwa J.P. Morgan, mfadhili mkuu wa Edison, nyaya za maktaba zilileta moto uliounguza meza na zulia. Morgan hakukata tamaa. Aliagiza nyaya zifungwe upya.

Kampuni za bima hazikungoja zaidi. Chama cha kampuni za bima ya moto cha New York kilitoa masharti yake mwaka wa 1881, na wahandisi wa London wakatoa kanuni zao 1882. Kanuni hizo za London ndizo chimbuko la zile za Uingereza ambazo mafundi wa Kenya walizirithi tangu enzi za ukoloni.

Hata hivyo, sifa ya Edison ina doa. Kuanzia 1888 aligeuza usalama kuwa silaha ya kibiashara. Akitetea mkondo mnyoofu wake wa volti ndogo, aliutangaza mkondo geu wa mpinzani wake, George Westinghouse, kuwa muuaji, na maabara yake ikatumiwa kuua mbwa kwa umeme ili kuthibitisha dai hilo. Hatari ya volti kubwa ilikuwa ya kweli, lakini dawa yake ilikuwa kanuni na ukaguzi. Mkondo geu ulishinda. Mwaka wa 1892 kampuni ya Edison iliunganishwa na nyingine kuunda General Electric, jina lake likaachwa nje.

Desemba 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya viwanda vyake vya West Orange, ingawa majengo mengi yalikuwa ya zege. Alikuwa na umri wa miaka 67, na akajenga upya.

Funzo la farasi wa barabara ya Ann halijapitwa na wakati. Leo nyaya hukatwa, hufungwa na kupimwa kiwandani, kisha huunganishwa jengoni kwa viungio maalumu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61535 kinahusu viungio hivyo, ambavyo havikukusudiwa kuchomolewa wakati umeme unapita. Anayejenga katika mtaa wa West Indies, Eldoret, anaweza kununua nyaya bora kupindukia, lakini kiungio kilicholegea kitazidi kupata joto ndani ya dari bila yeyote kukiona. Ndiyo maana sheria inadai kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Nayo plagi ya miguu mitatu inayotumika Kenya bado hubeba fyuzi ndani yake.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931 akiwa na umri wa miaka 84, akiacha hataza 1,093 za Marekani. Siku tatu baadaye, kwa ombi la Rais Herbert Hoover, Wamarekani walipunguza taa zao kwa muda mfupi kumuaga. Wazo la kuzima mitambo yote nchini liliachwa. Kufikia hapo, hospitali na viwanda vilikuwa vikitegemea umeme kiasi kwamba kuukata hata kwa dakika chache kungehatarisha maisha.