George Adamson: Mlezi wa simba aliyelazwa Kora

George Adamson alizaliwa India mwaka wa 1906, akaja Kenya 1924 na kujiunga na Idara ya Wanyamapori 1938. Mwaka wa 1956 aliua simba jike aliyewavamia, kisha yeye na mkewe Joy wakawalea wanawe watatu, akiwemo Elsa.

Tangu 1970 aliwazoeza simba kuishi porini huko Kora, kando ya Mto Tana. Mapenzi hayo yaligharimu uhai. Mwaka wa 1971 simba Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson akalazimika kumpiga risasi mnyama aliyemtunza mwenyewe. Waliomlaumu hawakukosa hoja: simba aliyemzoea binadamu hamwogopi tena. Mwaka wa 1980 nduguye, Terence, alijeruhiwa na simba. Serikali ikasitisha mpango.

Agosti 20, 1989, majambazi walimuua Adamson alipokimbilia kumwokoa mgeni. Alizikwa Kora, karibu na Terence.