Shō Jun

Shō Jun (1873 – Juni 1945) alikuwa mwanamfalme wa ukoo wa Shō, uliotawala visiwa vya Ryukyu, leo sehemu ya Japani. Alikuwa mwana wa nne wa Shō Tai, mfalme wa mwisho wa Ryukyu, na alijulikana pia kama Mwanamfalme Matsuyama. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa gazeti la kwanza la Okinawa na wa benki.

== Utoto na mwisho wa ufalme ==
Ufalme wa Ryukyu ulikuwa na mji mkuu wake Shuri, katika kisiwa cha Okinawa. Kwa karne nyingi wafalme wake walipeleka ushuru China, na tangu mwaka 1609 walikuwa pia chini ya watawala wa Satsuma kutoka Japani. Shō Jun alizaliwa wakati mpango huo wa mabwana wawili ulipokuwa unafikia mwisho.

Mwaka 1879 serikali ya Japani ilituma maafisa pamoja na askari na polisi, ikafuta ufalme na kuunda Mkoa wa Okinawa. Shō Tai alilazimika kuacha ngome ya Shuri na kuhamia Tokyo. Hivyo Shō Jun alipoteza hadhi ya mwana wa mfalme anayetawala kabla hajafikia umri wa kuielewa vizuri. Alipata elimu yake Tokyo, akarudi Okinawa mwaka 1892 akiwa kijana.

== Gazeti na siasa ==
Mwaka 1893 Shō Jun, pamoja na Ōta Chōfu, Takamine Chōkyō na wenzao wengine, alianzisha gazeti la ''Ryūkyū Shinpō''. Gazeti hilo lilihimiza elimu ya kisasa na kuwataka watu wa Okinawa wafuate desturi za Japani. Kwa waanzilishi wake, hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuwaondoa wenyeji katika hali ya kudharauliwa ndani ya dola jipya.

Wakati huo baadhi ya wazee wa tabaka la juu walitumaini bado kwamba China ingekuja kurudisha ufalme. Tumaini hilo lilikufa China iliposhindwa katika vita dhidi ya Japani mwaka 1895. Ndipo kikundi cha Shō Jun kilipoanzisha harakati ya Kōdōkai. Hawakudai uhuru, bali waliomba kwamba gavana wa Okinawa awe daima mtu wa ukoo wa Shō. Watu zaidi ya 70,000 walitia saini ombi hilo, lakini mwaka 1897 serikali ya Tokyo ililikataa. Magavana waliendelea kuteuliwa na Tokyo.

== Biashara na Bunge ==
Serikali ilikuwa imempa Shō Jun cheo cha baroni mwaka 1896. Kuanzia mwaka 1904 alikuwa mbunge katika Nyumba ya Makabaila. Wananchi wa kawaida wa Okinawa walisubiri hadi mwaka 1912 ndipo waliposhiriki kwa mara ya kwanza kuchagua wabunge wa Nyumba ya Wawakilishi.

Baada ya mlango wa ugavana kufungwa, nguvu zake nyingi zilielekea kwenye uchumi. Mwaka 1899 alianzisha Benki ya Okinawa, akajishughulisha pia na biashara nyingine. Katika miaka ya 1920 bei ya sukari, zao kuu la kisiwa, ilianguka na benki za Okinawa zikapata hasara kubwa. Benki ya sasa yenye jina hilohilo ni nyingine. Iliundwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Huko Shuri alikuwa na shamba ambako alijaribu kilimo cha miti ya matunda ya nchi za joto. Alijulikana pia kama mjuzi wa sanaa na mapishi ya Ryukyu, naye aliandika makala juu ya vyakula vya visiwa hivyo.

== Kifo ==
Mwezi Aprili 1945 jeshi la Marekani lilitua Okinawa. Makao makuu ya jeshi la Japani yalikuwa katika mahandaki chini ya ngome ya Shuri, na kwa sababu hiyo ngome ya mababu wa Shō Jun ilibomolewa kwa mizinga. Raia wengi walikimbilia kusini na kufa huko. Shō Jun alifariki katika mapigano hayo mwezi Juni, akiwa na umri wa miaka 72.

Gazeti la ''Ryūkyū Shinpō'' linaendelea kuchapishwa Okinawa hadi leo.